Sinia la Watatu

Pampore,
Novemba, zafarani zimekwisha mashambani

Dada yangu Rahti,

Barua hii ikukute umekaa karibu na moto, magoti yamefunikwa. Nakuuliza hali yako kwanza, maana mwanao Mehraj alipokuja alisema bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta. Ile dawa ya tabibu unakunywa, au umeificha tena chini ya mto? Maumivu yako niyabebe mimi, dada. Shemeji Amin naye kifua chake kimetulia? Na bibi arusi wetu Dilshada ameshaizoea nyumba ya watu? Mwambie asikubali kuosha vyombo kwa maji ya baridi mwaka huu wa kwanza. Akianza, watamzoesha.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Samad anashinda kwenye udongo, maana baridi imeingia na kila mtu anataka chungu kipya cha makaa cha kuweka ndani ya joho lake. Mimi vidole bado ni vya manjano kwa kuchambua zafarani za watu, kwa hiyo ukiona doa kwenye karatasi usidhani ni mchuzi. Mwandiko wangu unaujua. Shule niliiacha mapema, na mwanangu Poshmaal alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Haya nimetaka niyaandike kwa mkono wangu, hata chai ipoe.

Nakuomba usisome mbele ya wifi yako Taja.

Ujumbe wako Mehraj alinifikishia. Alikaa kwenye ncha ya mkeka kama mtu aliyekalia miba, akanywa chai ya chumvi nusu kikombe, mkate hakuugusa. Akasema, mama mdogo, mama anaomba kitu kidogo tu. Kwamba Poshmaal atakapokwenda kurekodi ule wimbo wa kumfumua bibi arusi nywele kule redioni, asitaje jina la bibi. Aseme aliupata kwa kikongwe mmoja huko vijijini. Nikamuuliza, mwanangu, bibi yako ndiye aliyekuwa kikongwe mmoja huko vijijini? Akatazama ndani ya kikombe. Akasema yeye katumwa tu. Ni mtoto mzuri, simlaumu, nikamfungia kokwa za jozi akaondoka nazo.

Jibu lako limo humu ndani, dada, ila sitalifikia upesi. Niache nizunguke kidogo. Kifuani nina mambo mengi na yote yanataka mlango mmoja.

Wewe Poshmaal unamjua kwa sauti, kama watu wote. Mimi namjua tangu alipokuwa akikaa bandani kwa Samad akigonga vyungu vinapotoka tanuruni, akimwambia baba yake kipi kina ufa. Ufa wenyewe hauonekani kwa macho, yeye anausikia. Samad alikuwa akisema huyu nitamwoza kwa mwenye duka la vyungu, nipate faida pande zote mbili. Haikuwa hivyo. Alipokuwa mwari alitaka kuimba redioni. Samad akampeleka Srinagar mwenyewe, amebeba ngoma mbili za udongo alizozifinyanga kwa mkono wake, moja ya kupigwa na moja ya akiba. Mlinzi wa mlangoni akamwambia, mzee, vyungu vinauzwa sokoni. Samad akamjibu, na wewe ukipigwa unalia vizuri hivi? Wakaingia.

Kwanza walimpa nyimbo za mapenzi za Kiurdu, zenye kinanda. Akaziimba, watu wakampenda. Kisha akaanza kuwasumbua wakubwa wake kwamba anataka nyimbo zetu za arusi, zile za wanawake kusimama safu mbili wameshikana mabega, hawa wakisema na wale wakijibu. Wakamwambia hizo ni za vikongwe, nani atawasha redio asikilize vikongwe. Akawajibu kwamba vikongwe wenyewe watawasha. Na waliwasha, dada. Unakumbuka ile posa ya watu wa Tral? Waliirudisha kwa sababu hiyo. Walisema hawawezi kuwa na mkwe ambaye sauti yake inaingia kila duka la kinyozi. Samad akasema basi wanyolewe nyumbani. Tulicheka siku ile. Lakini hajaja mwingine, na mimi usiku nikigeuka upande huu nakutana na hilo, nikigeuka upande ule nakutana nalo.

Yeye hajali, au anasema hajali. Amezunguka Shopian, Kulgam, mpaka kule juu Gurez barabara inakozibwa na theluji, mkobani ana mabonge ya sukari ya kuwapa bibi za watu. Aliniambia wimbo wa arusi haupatikani kwa kuuomba. Ukimwambia bibi akuimbie huku mikono yake imekaa bure, anasema amesahau. Mpe kazi yake, mpe mpunga apepete, mpe jozi amenye, ndipo unatoka. Vidole vya mwanangu viliwahi kuwa vyeusi kwa maganda ya jozi mpaka mwanamke mmoja kwenye basi akasogea mbali, akidhani ni maradhi.

Hilo la mikono alilijulia hapa nyumbani, kwa mama yetu.

Hukuwapo miaka ile ya mwisho ya mama, kwa hiyo nikusimulie. Akili ilikuwa imeanza kumwacha. Mimi alikuwa akiniita kwa jina lako. Asubuhi, Rahti nipe chai. Jioni, Rahti miguu yangu. Nami nikawa naitika. Na ule wimbo wa kufumua nywele, ambao sisi tulilelewa nao, ulikuwa umempotea. Akianza anakwama, anatukana, analia. Ndipo Poshmaal akaenda kukaa mbele ya magoti yake, akamwambia, bibi, nisuke. Mama akamsuka visuko vyembamba vya bibi arusi, kichwa kizima. Kulipokucha akamwambia, bibi, sasa nifumue. Mikono ilipoanza kufumua, mdomo ukafuata. Kila kisuko kina ubeti wake. Nakufumua cha mamako, nakifumua polepole, kina maumivu. Nakufumua cha kizingiti, ukikivuka usigeuke. Nakufumua cha mlozi wa nyuma ya nyumba, utachanua usiuone.

Majira yote ya baridi, jioni anasukwa, asubuhi anafumuliwa. Ngozi ya kichwa ikamvimba, akawa analala amekaa. Nikamwambia, mwanangu, acha, utapata upara kabla ya mume. Akasema bado kisuko kimoja kina ubeti haujatoka. Ulitoka. Mama alitutoka milozi ilipokuwa inachanua, na wimbo ukabaki mzima kwa Poshmaal peke yake. Hata mimi ninao vipande vipande tu.

Kwa hiyo ulipotuma watu kusema mnamtaka aje kumfumua Dilshada nywele, nilifurahi kama mjinga. Mlisema wakwe wapya ni watu wa zamani, wanataka mambo ya zamani, na huko mjini kwenu wanawake wamekuwa wa kuwasha kaseti za filamu tu. Sikuliangalia hilo. Nilisema moyoni, leo dada yangu amemwita mwanangu kwa mlango wa mbele. Nikamshonea joho la sufi lenye nakshi shingoni, nikafukiza mbegu za kuondoa hasadi kumzungushia kichwani kabla hatujapanda basi.

Na aliimba. Hilo hata wifi yako hawezi kulikanusha. Alikaa nyuma ya Dilshada, anafumua na kuimba, nasi tukimjibu tulivyoweza, na alipofika kwenye ubeti wa kizingiti yule mama mkwe mpya, mwanamke mgumu yule, akajifunika uso kwa mtandio. Wewe ulilia, dada. Nilikuona. Ulilia kama siku ile ulipochukuliwa na shangazi kwenda mjini na mimi nikakimbia nyuma ya gari la farasi. Nikajua unamsikia mama.

Kisha tukaitwa kula.

Sinia ni la watu wanne, hilo mtoto mdogo analijua. Nilikaa mimi na wale binamu wawili wa Sopore, tukaacha nafasi ya Poshmaal pembeni yangu, maana alikuwa bado anaokota nywele za Dilshada zilizodondoka, kama desturi ilivyo. Watu wakanawishwa, masinia yakashushwa, mfuniko ukafunuliwa. Kababu nne, mbavu nne, kila kitu vinne vinne juu ya wali. Poshmaal akaja na ngoma yake kwapani, akainama kukaa. Wifi yako Taja akamshika bega, wala hakumshika kwa ubaya, ndilo linaloniuma, alimshika kama unavyomshika mtoto aliyepotea njia. Akamwambia, binti, wenye ngoma chakula chao kiko kule barazani, karibu na wapishi, nenda kabla hakijapoa.

Nikacheka, dada. Nilidhani hajamtambua. Nikamwambia, dada Taja, huyu ni Poshmaal, mwanangu, Rahti ni mama yake mkubwa. Akasema namjua, nani asiyemjua, redio tunayo. Nikakutafuta kwa macho. Ulikuwa umesimama karibu, birika la kunawisha mkononi. Ulitazama birika. Ukasema, mwache Taja, hao watu wa redio hawana makuu, wamezoea kula popote.

Poshmaal akasema sawa, mama mkubwa. Akatoka.

Nilitaka kuinuka. Lakini Dilshada alikuwa kakaa pale nywele wazi mgongoni, mtoto wa watu, siku yake, nikaogopa kuivunja. Nikabaki. Tukala watatu kwenye sinia la wanne. Binamu mmoja akaniambia kwa kuninong'oneza, kula Khatij, watu wanatuangalia. Nikala. Kile kipande cha nne cha ubavu kilikaa upande wa mwanangu mpaka mafuta yakaganda meupe juu yake. Mwishowe mtu akakifunga kwenye mfuko apeleke nyumbani. Sijui ni nani. Kilimdondoka njiani, natumaini.

Kwenye basi Poshmaal alikaa dirishani, ngoma mapajani. Nilipomuuliza alikula nini akasema wali, mama, wali na mchuzi, na mkate juu. Nilipomuuliza kama ulikwenda kumwona kule barazani, akageukia dirisha.

Tangu siku ile ngoma akaifunika kwa gunia. Chakula anachokoa tu. Samad akampelekea ngoma mpya kutoka tanuruni akamwomba aigonge amwambie kama ina ufa, yule mzee masikio yake ni mazima kabisa, anajua mwenyewe, alitaka tu asikie kitu. Poshmaal akasema, baba, weka hapo. Mimi nikaanza kuogopa. Redio ilikuwa imempangia siku ya kurekodi wimbo wa mama, na huo ndio uliokuwa umebaki kwetu kutoka kwake. Nikawaza asipokwenda, mama amekufa mara ya pili, na safari hii kwa nyama ya ubavu.

Ndipo akaja Mehraj na ujumbe wako.

Dada, unachokiogopa nakijua. Aibu ya maiti aijua mwosha, nasi wawili ndio tuliomwosha mama, wewe kwa maneno na mimi kwa maji. Kwa wakwe zako ulisema mama ni wa ukoo wa watunza ziara, makaburi ya mawalii, mtu wa ibada, hatoki nje wala haonani na watu. Shangazi akasimama mahali pake siku ya arusi yako. Sisi tukanyamaza. Mama mwenyewe alisema tunyamaze, mtoto kapata nyumba yenye madirisha ya vioo, tumwache. Lakini mjini wako wazee bado wanaomkumbuka Fata wa Pampore, mwimbaji wa kukodiwa, aliyekuwa akitembea arusi hadi arusi na ngoma ya udongo begani, akiimbia mabinti wa watu na kula na wapishi. Jina lake likitajwa redioni kuna mtu atapiga goti lake na kusema, ah, Fata. Hilo nalijua. Nilimwambia Poshmaal ombi lako jioni ile ile. Hata, Mungu anisamehe, nilimwambia labda tukubali, mama mkubwa ana presha.

Akaniangalia. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi sikulijua, na wewe unadhani hakuna aliye hai anayelijua.

Mama alimsimulia yeye, asubuhi moja anamfumua. Kwamba mwaka uliofuata arusi yako, kundi lao lilikodiwa kuimba arusi ya shemeji yako mdogo. Hakuambiwa ni nyumba gani, aliijua langoni. Akafikiri kurudi, akaona wenzake watakosa ujira. Akaingia amejifunika, akaimba kutwa nzima, na mchana wakaketi barazani kusubiri chakula chao. Mwanamke wa nyumba akatoka na sahani, dhahabu masikioni mpaka masikio yameinama. Ulikuwa wewe. Ukafika mbele yake, ukamtazama, ukasema, chukua, bibi wa ngoma. Akachukua. Ukapita kwa mwingine.

Mama alipoinua ule mkate mwembamba uliofunika wali, alikuta chini yake vipande viwili vya ubavu. Wenzake sahani zao zilikuwa na mchuzi tu.

Poshmaal anasema mama alilisimulia hilo kwa furaha. Alisema, unaona, alinijua. Alisema, mwanangu alinificha lakini hakuninyima. Miaka yote ile, dada, alikuwa akiishi kwa mbavu mbili hizo. Na mimi niliyekuwa nikimwogesha na kuitika jina lako, mimi hakuwahi kunisimulia.

Nikamuuliza Poshmaal kwa nini ananiambia leo. Akasema, mama, siku ile barazani walipoleta sahani, mkate ulikuwa juu. Nikauinua nikatazama chini yake.

Sikumuuliza alikuta nini. Wewe unajua hukuweka kitu.

Labda ulisahau. Ulikuwa na wageni wengi, magoti, birika, wifi. Mimi usiku nakutafutia sababu moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta sindano kwenye sufi. Lakini sababu zote nikizigonga zina ufa, na mimi si Poshmaal, sina masikio, bado nausikia.

Kesho yake akaondoa gunia kwenye ngoma, akapanda basi akaenda kurekodi. Samad alikwenda naye. Mimi nilibaki nikipika mboga mpaka ikaungua. Waliporudi nikamuuliza Samad, kataja? Samad akasema muulize mwenyewe. Ndipo nikaambiwa, na hili ndilo jibu lako.

Amelitaja jina. Amesema kwa sauti yake, kabla ya kuimba, kwamba wimbo huu ni wa Fata wa Pampore, mwimbaji wa arusi, aliyekula barazani kwenye nyumba zote kubwa za mji.  Nikamwambia, na mama mkubwa je, umemtaja? Akasema hapana, mama, aliomba asihusishwe, sikumhusisha. Amesema hivi: Fata alikuwa na binti mmoja, jina lake Khatij, na mimi ni mtoto wake.

Nilimwomba, Rahti. Nataka ulijue hilo. Nilimshika mikono nikamwambia rudi, waambie wakate, waseme mabinti wawili, nyumba isitajwe, mume asitajwe, lakini namba iwe ya kweli. Mama alizaa wawili. Akaniambia, mama, sinia lilikuwa la wanne, na watatu wakala. Watu wanahesabu waliokaa.

Nimelia, kisha nikakaa kuandika. Umepata ulichokitaka, dada, hakuna atakayekuunganisha na Fata tena, si huko kwenu, si huku kwetu. Sijui kama utashukuru au utaumia. Mimi ninaumia kwa niaba ya sote, kazi hiyo nimeizoea.

Wataitoa hewani Ijumaa, baada ya taarifa ya habari ya jioni. Nimekuambia mapema ili uamue kuizima redio au kuiwasha. Ukiiwasha, kaa peke yako, na dawa uwe umeshakunywa.

Nisalimie Shemeji Amin, nibusie Dilshada kwenye paji la uso, umwambie wimbo aliofumuliwa nao ulikuwa wa bibi yake, hata ukimnong'oneza. Mehraj apite kuchukua chungu cha makaa, Samad amekifinyanga kinene asije akakivunja tena. Samad anakusalimu. Poshmaal hajasema nikusalimu, nami sitamtilia maneno mdomoni. Funika magoti.

Ni mimi mdogo wako,
Khatij binti Fata